Boti Iliyorudi na Kopo Kavu

Vijana wa karakana,

Siku mliyoniaga mlinipa kiti cha kukunja mkaniambia nikapumzike. Kiti kile kilivunjika wiki ya pili, nami namshukuru Mungu kwamba aliyekitengeneza si mmoja wetu. Mlinipa pia daftari, mkaniomba niandike niliyoyapitia kazini ili msiyarudie. Daftari bado ni zima, kwa hiyo naandika. Habari za vyeo na barua za kupandishwa nitaziruka. Zimo kwenye jalada, na jalada halijawahi kuelea.

Nilikuja kwenu nikitokea Mwandiga, mtoto wa wakulima wa muhogo na maharage, nikiwa tayari najua useremala wa nchi kavu. Nilikuwa nimetengeneza vitanda na madirisha pale Mwanga mjini kwa miaka mitatu, na niliamini kwamba mbao zinaniheshimu. Ziwa nilikuwa naliona kwa mbali tu, kutoka mlimani, na kuogelea sikujua. Siku ya kwanza nilifika na skwea yangu ya chuma, ile ya kupimia pembe, imeng'arishwa. Msimamizi akanionyesha boti ya dagaa iliyokuwa juu ya magogo, mataruma yake, zile mbavu za ndani, bado wazi, akaniambia nimtafutie humo pembe moja iliyo mraba. Nilizunguka saa nzima. Nilipima mbele, nikapima nyuma, nikalala chini nikapima kutokea huko. Waliokuwa wanakunywa uji waliacha kunywa ili wacheke vizuri. Boti haina pembe mraba hata moja, na mimi niligundua hilo nikiwa na mchanga hadi masikioni.

Aliyenifundisha kuacha skwea na kuamini jicho hakuwa seremala. Alikuwa Mama Feza, mkalafati wetu, mzaliwa wa Ujiji ambaye wazazi wake walivuka ziwa kutoka Kongo. Kalafati, kwa atakayesoma haya na si mwenzetu wa kazi, ni kuziba nafasi iliyopo kati ya ubao na ubao. Mama Feza alifanya hivyo kwa pamba iliyolowekwa mawese, akiigongelea ndani kwa patasi butu na nyundo ya mti. Kazi ilikuwa ya mumewe. Mumewe alipofariki, yeye alimaliza arobaini, akaja kesho yake asubuhi, akachukua nyundo na kukaa mahali pa marehemu. Inasemekana msimamizi alifungua mdomo kuuliza, kisha akaona ni heri aufunge.

Wiki yangu ya pili nilimwonyesha kwa fahari ubavu wa boti nilioufunga mwenyewe, nikamwambia huu hautapitisha hata tone. Hakucheka. Aliupapasa kwa kiganja, akaniambia maneno ambayo nimeyabeba miaka thelathini na minne. "Weye mtoto wa Mwandiga, kila boti inavuja. Ile inayokuonyesha maji yake, hiyo ndiyo rafiki yako."

Ndiyo maana kwetu kulikuwa na safari ya kopo, na natumaini bado ipo. Boti mpya ikishushwa majini, fundi aliyeijenga hupanda kwanza, hukaa katikati, chini kabisa, na kopo la kuchotea maji mkononi. Mwenye boti hukaa nyuma na kumtazama usoni. Ikivuja sana, fundi ndiye wa kwanza kulowa, na ndiye atakayechota mpaka warudi ufukweni. Nimeona sheria nyingi za usalama zikibandikwa ukutani, lakini sijaona inayomfanya mtu akaze misumari kama ile.

Kuhusu zana nitasema kidogo, maana najua mmeshagawana zangu. Tezo yangu ya kuchongea mbao ina mpini wa tatu. Wa kwanza niliuvunja kwa hasira, wa pili ulivunjwa na mtu aliyeiazima na mpaka leo anasema aliukuta hivyo. Msinoe tezo kwa mashine. Noeni kwa jiwe na mate, mkiwa mmekaa, mkiwa hamna ugomvi na mtu. Randa ile ya mti ni nzito upande mmoja, tangu nilipoirithi. Mkono utaizoea kabla randa haijawazoea nyinyi.

Kesi ngumu ya kwanza nitakayoungama ni ile boti ya mzee mmoja wa Katonga. Tulikuwa na haraka, kwa hiyo mimi nilijenga ubavu wa kulia na mwenzangu wa kushoto, kila mmoja akifuata jicho lake. Macho yetu hayakuwa ndugu. Boti ilipowashwa injini ilikata kona yenyewe, kama mtu aliyekumbuka kwamba amesahau kitu nyumbani. Tuliisogeza injini, tukaongeza ubao, ikapungua lakini haikuacha. Mwaka uliofuata yule mzee alitutumia samaki, migebuka, kwenye kapu, na salamu kwamba boti yake inazunguka dagaa vizuri kuliko za wenzake, na anataka nyingine kama hiyo. Tulimjibu kwamba ile haiwezi kujengwa tena, na hatukudanganya.

Sasa nije kwenye boti mliyoniomba hasa niiandike, ile yenye chumba.

Mke wangu Skolastika, ambaye wengi wenu mnamjua kama Mama Neema, ni fundi cherehani Mwanga, lakini kwao ni Mwamgongo, kule mbele ya vilima vya Gombe ambako gari halifiki. Mama yao alikufa Skola akiwa mdogo sana, akalelewa na dada yake mkubwa, Melania. Miaka ya kukaa kwenye cherehani ilimharibu Skola mgongo. Kutembea anaweza, kulala anaweza. Kukaa kwenye ubao saa kadhaa, huku boti inapiga mawimbi, hawezi. Alijaribu mara ya mwisho katika boti ya abiria iliyojaa magunia na kuku, akashushwa amebebwa, akaugua mwezi mzima. Dada Melania naye ni mzee, miguu imevimba, hatoki nje ya uwanja wake. Kwa hiyo mmoja hawezi kwenda na mwingine hawezi kuja, na kati yao kuna safari ya asubuhi moja. Walikuwa hawajaonana kwa miaka kumi na miwili. Waliongea kwa simu kila Jumapili, na kila Jumapili baada ya simu Skola alikuwa mkimya mpaka jioni.

Aliniambia zamani kwamba anachohitaji ni boti yenye mahali pa kulala. Nilimjibu kwamba nitaijenga nikimaliza kazi iliyokuwa mezani. Mnajua karakana yetu: kazi iliyo mezani haijawahi kwisha. Kinyozi hajinyoi, nami nilijificha nyuma ya methali hiyo kwa miaka mingi nikiona ni busara. Mwaka wangu wa mwisho kazini niliona aibu, nikaanza.

Ilikuwa ya futi kumi na nane, nyuma ya nyumba, chini ya mabati. Nilichagua tanga badala ya injini kwa sababu ya Skola: mtikisiko wa injini ndio uliomuumiza kuliko mawimbi. Chumba nilikipima kwa kumlaza mke wangu sakafuni na kumzungushia mstari wa chaki. Jirani alichungulia, akauliza kama kuna msiba. Tanga Skola alishona mwenyewe, kwa turubai jepesi, na hapo tuligombana siku mbili. Mimi nilitaka liwe bapa kama shuka. Yeye akasema kitu bapa hakishiki kifua, wala hakishiki upepo, akakunja pindo ndogo katikati kama anavyofanya kwenye gauni. Tulipolijaribu lilijaa upepo mara moja. Tangu hapo nilinyamaza kuhusu nguo.

Kuendesha nilijifunza mbele ya Kibirizi, kila Jumapili baada ya misa, kwa mtumbwi wa kuazima na shuka ya kitanda. Nilijifunza kwa kukosea, na watazamaji hawakukosekana. Wakati huo nilikuwa tayari najua kuogelea, na ilinifaa.

Na sasa kosa. Lisomeni polepole, maana ni kosa ambalo mtu mwingine yeyote asingelifanya isipokuwa fundi wa boti za uvuvi. Maisha yangu yote nilijenga boti zilizo wazi. Maji yakiingia, unayaona miguuni. Lakini hii ilikuwa na chumba, na chumba cha mke wangu hakiwezi kuwa na mataruma yanayochungulia. Nikamtandikia sakafu ya mninga, mbao zimekaa pamoja hata wembe usipite, nikaipigilia misumari yote, nikaipaka mafuta mpaka ukaweza kujiona sura. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizofanya. Kosa la pili lilikuwa dogo: mbao za juu za ubavu nilizikalafati kiepesi, kama tulivyozoea, kwa kuwa boti ya injini husimama wima na mbao za juu huonja rasharasha tu. Sikufikiri kwamba boti ya tanga huinama.

Siku ya safari ya kopo mlikuwepo. Ziwa lilikuwa limetulia, upepo kidogo. Nilikaa katikati juu ya mninga wangu, mmoja wenu ameshika usukani, na Skola amesimama nyuma akishika paa la chumba na kunitazama usoni. Tulizunguka nusu saa. Kopo lilirudi kavu. Mlipiga makofi, mkasema haijatokea, na mimi niliinua kopo juu na kuligeuza mdomo chini ili kila mtu aone. Nakiri nilikuwa na furaha ya kipumbavu.

Jioni ile nilikwenda Ujiji kumwambia Mama Feza. Siku hizi haoni vizuri, lakini ulimi ni uleule. Nilimpa shikamoo, nikamweleza kuhusu kopo kavu. Nilitegemea pongezi. Aliuliza kama boti ni mpya, nikasema mpya kabisa. Akauliza tena kama kopo lilikuwa kavu kweli, nikasema kavu kama unga.

"Sasa maji yako umeyaweka wapi?" akauliza.

Nilicheka. Nilidhani ni uzee. Nilimwachia sukari na sabuni nikarudi nyumbani.

Tuliondoka Jumamosi kumepambazuka vizuri. Skola alipanda na godoro, chakula, kitenge kipya cha dada yake na mkasi wake, ambao hauachi hata akienda kanisani. Mimi sanduku la zana niliacha nyumbani. Nilijiambia nimestaafu. Upepo ulikuwa unatoka milimani, upande wetu wa kulia, mzuri na mzito, na boti ikalala kidogo ubavu wa kushoto na kukimbia. Tuliipita Kibirizi. Skola alikuwa amelala chumbani, mlango wazi, akiniona nimeshika usukani, na usoni alikuwa ametulia, jambo ambalo sijaliona akiwa safarini tangu tuoane. Alisema mgongo haujui kama yuko ziwani.

Tulikwenda hivyo zaidi ya saa moja. Kisha nikahisi usukani umekuwa mvivu. Nilidhani ni upepo. Skola naye akainua kichwa, akakirudisha kwenye godoro, akakiinua tena.

"Baba Neema," akasema taratibu, "chini yangu kuna mtu anaosha vyombo."

Nilikuwa mwepesi wa kuelewa mara hiyo. Ubavu wa kushoto, ulioinama, ulikuwa umezamisha mbao ambazo hazijawahi kunywa maji, na pamba yangu nyepesi ilikuwa inayapitisha. Yote yalikuwa yanakaa chini ya sakafu yangu nzuri, mahali ambapo jicho halifiki wala kopo haliingii. Niliogopa. Naandika hivyo wazi kwa sababu nyinyi vijana mnaona aibu kuogopa, na fundi asiyeogopa maji apewe kazi ya kabati.

Nililegeza tanga ili boti isimame. Kuvuja kukapungua, lakini yaliyokwishaingia yalikuwa mengi. Zana sikuwa nazo. Nilikuwa na nanga, panga la kukatia muhogo na mkasi wa mke wangu. Skola aliviringisha godoro, akasogea pembeni, na mimi nikaanza kuibomoa ile sakafu kwa ncha ya nanga. Misumari niliipiga vizuri mno. Ubao wa kwanza ulipasuka kwa mlio ambao niliuhisi mwilini. Chini yake maji yalikuwa yanacheza huku na huku, na maranda yangu mwenyewe yanaelea juu.

Wakati huo ndipo boti ya abiria iliyokuwa inaelekea kaskazini ikatufikia. Nahodha alipunguza mwendo, akatuamkia kwa Kiha, "mwakeye", akatazama nanga niliyoinua juu ya chumba changu mwenyewe.

"Mzee, unajenga au unabomoa?"

Nilimwambia vyote viwili. Akauliza kama tunataka kufungwa kamba tuvutwe. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kukubali, tena kuomba atuvute kurudi Kibirizi. Skola akanishika mguu. Akaniuliza kama maji yanaongezeka. Nikatazama, hayakuwa yanaongezeka, tanga likiwa limelegea. Akauliza Mwamgongo ni mbali kiasi gani. Nikasema kwa mwendo wa pole saa mbili, labda na nusu.

"Leo nikirudi," akasema, "hutanipandisha tena, na mimi sitapanda tena. Nipe sufuria."

Nilimweleza nahodha tunaendelea polepole karibu na ufuo. Alitikisa kichwa, akasema atawaambia watu wa mbele watutazamie, akaenda zake.

Skola alilala kwa ubavu pembeni ya tundu, kichwa juu ya godoro lililoviringishwa, akazamisha sufuria, akayarusha maji ziwani kupitia mlango. Nilimwambia tubadilishane, akasema kuendesha hajui, kuchota maji alianza akiwa na miaka mitano. Aliyachota kwa mwendo mmoja, bila haraka, na kati ya sufuria na sufuria alinieleza habari za kisima cha kwao na jinsi Dada Melania alivyokuwa akimtwisha ndoo ndogo ili asijione hafanyi kitu. Baada ya saa moja hivi niliona anapumzika kwa muda mrefu zaidi. Mbao zilikuwa zimeanza kunywa na kuvimba, pamba imekaza. Nikathubutu kukaza tanga kidogo. Kwa hiyo, vijana, acheni tundu la kutazamia maji katika kila sakafu, hata ikiwa nzuri. Hasa ikiwa nzuri. Na boti ya tanga ikalafatiwe mpaka juu, kwa sababu siku moja italala.

Tulipokaribia Mwamgongo niliona watu ufukweni kuliko nilivyotarajia. Nahodha alikuwa amewaambia kuna wazee wawili wanakuja huku wanavunja nyumba yao njiani. Wengine walikuja kucheka. Lakini katikati yao, kwenye kiti cha mbao, miguu imefungwa vitenge, alikuwa amekaa Dada Melania. Aliposikia ni wazee wawili na tanga, lile ambalo Skola alimsimulia kwenye simu, alijua, akawaamuru wajukuu wambebe.

Nilishusha tanga, boti ikagusa mchanga. Nikaruka nje kuishika. Skola hakuweza kusimama. Mgongo ulikuwa umekaza baada ya kuchota. Wanawake wawili waliingia majini, wakamtoa amelala mikononi mwao, nguo zinachuruzika, wakamfikisha mbele ya kiti. Hapo shida ikawa wazi kwa kila mtu: aliyelala hawezi kuinuka, na aliyekaa hawezi kuinama. Dada Melania alitazama kidogo. Kisha akashika mikono ya kiti, akajisogeza, akajiachia mpaka chini, mchangani, wajukuu wakimzuia bure, akajilaza kando ya mdogo wake. Wakawa wamelala pale jua linawawakia, uso kwa uso, mbele ya kijiji kizima.

Dada Melania akamfuta maji usoni kwa kiganja.

"Miaka yote hii, Skola," akasema, "ulikuwa unangoja nini?"

"Sikuwa na fundi," mke wangu akajibu.

Wakacheka wote wawili, wakishikana vichwa. Fundi mwenyewe nilikuwa nimesimama pale, nimeshika boti, maji yananifika magotini, na watu wakanigeukia kuona nitasema nini. Nililia, na kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa na kazi, sikuweza hata kujifuta.